Mbuzi wa Nyakati Zote

Siku hizi ukimwita mtu mbuzi, anakushukuru. Hakufanyii kejeli; anaweka mkono kifuani, anainamisha kichwa kidogo, anasema, "Heshima yako, mkuu." Sisi tuliosoma enzi za walimu wa hesabu wenye rula ya mninga tunabaki tunatazamana. Kwetu neno hilo lilikuja na maumivu. Mwalimu anakuuliza saba mara nane, unasema hamsini na nne, anavuta pumzi, anasema, "Mbuzi wewe," na darasa zima linajua kinachofuata. Hakuna mtoto wa enzi zile aliyeitwa mbuzi akaenda nyumbani kumwambia mama yake apike pilau.

Vijana wamenieleza, kwa ule uvumilivu wanaoutumia wanapomwonyesha mtu mzima pa kuongezea sauti ya simu, kwamba mbuzi huyu si yule. Huyu ni wa Kiingereza. Wenye lugha yao wana maneno manne, Greatest Of All Time, yaani aliye bora kuliko wote wa nyakati zote. Chukua herufi ya kwanza ya kila neno, unapata GOAT. Na goat, kama tulivyofundishwa kwenye picha ya mnyama aliyesimama juu ya kichuguu, ni mbuzi. Basi. Sifa ilifupishwa huko kwao ikamwangukia mnyama, na vijana wetu wamembeba mnyama wakaiacha sifa kule kule ilikofupishwa.

Malalamiko yangu yalianza kwenye kibanda umiza cha mtaani kwetu. Kwa asiyekijua kibanda umiza: ni chumba cha mabati chenye mabenchi, feni moja inayozunguka kwa hiari yake, runinga iliyofungiwa kwenye kizimba cha nondo asije mtu akaondoka nayo, na ubao wa chaki nje unaotangaza mechi na saa. Unalipa mlangoni, unapewa tiketi ya mdomo, unaingia unatafuta pa kubana. Siku zote wanaokaa mbele yako ni watu wasiojua kwamba wana vichwa.

Usiku huo mpira wenyewe ulikuwa umepoa, kwa hiyo vijana wakarudi kwenye kesi yao ya kila siku, Messi na Ronaldo.

"Mbuzi ni mmoja tu!"

"Mbuzi gani, mbuzi wako anatembea uwanjani!"

"Mbuzi wangu ana Kombe la Dunia. Wako ana nini?"

"Wako kabebwa! Mbuzi wa kubebwa!"

Nje ya mlango anakaa mzee wa mishkaki. Aliposikia mbuzi mara ya kwanza hakusema kitu. Mara ya pili akageuza mishkaki yake. Mara ya tatu akaingiza kichwa mlangoni, pepeo mkononi, akatangaza kwa sauti ya mfanyabiashara muungwana: "Jamani, mbuzi leo sina. Yupo ng'ombe, na kuku mapaja."

Chumba kizima kilicheka. Mimi sikucheka, maana niliona yule mzee ndiye pekee aliyekuwa akizungumza Kiswahili pale.

Nisieleweke vibaya. Simchukii mbuzi. Nampenda, hasa akiwa na kachumbari na ndimu pembeni. Na zipo shughuli ambazo yeye ndiye mgeni rasmi. Kwenye harusi zetu ndafu anaingizwa ukumbini mzima mzima, amechomwa, amesimamishwa kwa miguu yake minne, majani mdomoni. MC anapandisha sauti, muziki unabadilishwa, na watu wanagombania kupiga picha naye kuliko wanavyogombania bibi harusi. Huyo ndiye mbuzi pekee ninayemjua aliyepewa heshima ya kweli katika nchi hii, na hata yeye heshima ilimfikia akiwa hana habari.

Ukitoka ukumbini, Kiswahili hakijamtendea mbuzi wema wowote. Mtu asiyesikia la kuambiwa, tunasema unampigia mbuzi gitaa. Aliyetapeliwa ameuziwa mbuzi kwenye gunia. Mkubwa wa ofisi akibanwa kwa ulaji wake anajitetea kwamba kila mbuzi hula kwa urefu wa kamba yake, na hapo hata mbuzi mwenyewe angeweza kwenda mahakamani kudai fidia ya kuchafuliwa jina. Jikoni nako kuna mbuzi wa kukunia nazi, na kazi yake ya kwanza, kabla hata ya nazi kufika, ni kukaliwa na bibi.

Dume lake ndilo balaa zaidi. Dume la mbuzi ni beberu. Sisi tuliokua na katuni za magazeti ya miaka ya 70 tunamjua beberu: kofia ndefu, sigara nene, tumbo limetangulia, mfukoni nchi tatu. Kwa kanuni za lugha, ukisema Ronaldo ni beberu hujakosea. Kama ni mbuzi na ni mwanamume, basi ni beberu. Lakini jaribu kulitamka mbele ya mzee aliyehudhuria mafunzo ya siasa baada ya Azimio la Arusha. Atakuuliza amemnyonya nani.

Tulipotaka kumsifu mtu tulijua pa kwenda. Tulikwenda porini kwa wanyama wenye hadhi zao. Klabu ya Sunderland ya pale Kariakoo ilipoamua mwaka 1971 kuachana na jina la kizungu ilijiita Simba, na sijasikia kwamba kuna mjumbe aliyenyoosha mkono akapendekeza Mbuzi. Labda watani wao wa Jangwani wangelipendekeza, lakini hawakualikwa kwenye kikao. Tukikosa mnyama tulikwenda kwenye mawe: Marijani Rajabu aliitwa Jabali la Muziki, na ukimsikiliza unaelewa kwa nini. Tuna bingwa, gwiji, nguli, manju, malenga, fundi. Vijana wenyewe wana neno lao zuri kabisa, mwamba, ambalo limo katika ukoo ule ule wa jabali. Mtu mwenye mwamba nyumbani anakwenda kuazima mbuzi kwa jirani wa nini?

Kilichonifanya nishike kalamu hasa ni kundi letu la WhatsApp la ukoo. Kaka yangu mkubwa alitimiza miaka 70. Ni mtu mtaratibu, mstaafu, asiyependa makuu; alichotaka siku hiyo ni chai na kuachwa. Binti yake aliye chuo akabandika picha ya baba yake amekaa barazani na kanzu, na chini yake hakuandika neno hata moja. Aliweka kikatuni cha mbuzi. Mbuzi watatu, kwa mfuatano.

Shangazi yetu mkubwa ndiye aliyekuwa wa kwanza kujibu, kwa sababu shangazi huyo halali. Akaandika: "Hongera mwanangu. Lakini mbuzi watatu kwa ukoo huu hawatoshi, ongezeni mmoja."

Mjomba, ambaye ndiye mweka hazina wetu wa misiba na harusi, hakuuliza swali. Mweka hazina mzuri haulizi. Akafungua orodha pale pale: MCHANGO WA MBUZI. Namba moja, jina lake, shilingi 20,000, ahadi. Namba mbili, shangazi, 10,000, ahadi. Anayejua makundi ya ukoo anajua kwamba orodha ikishafunguliwa hakuna breki. Watu wanainakili na kuongeza majina yao chini, wengine bila kusoma juu pameandikwa nini. Binamu wa Mwanza akatuma taslimu na risiti ya muamala. Mama mkubwa akauliza shughuli itakuwa saa ngapi na kama kuna sare. Jirani mmoja wa zamani, aliyeingizwa kwenye kundi wakati wa msiba wa bibi na akasahaulika humo, akatoa pole.

Binti alipoamka akakuta ahadi zimejaa na rambirambi moja. Akaandika ujumbe mrefu wa kueleza kwamba jamani ni sifa tu, ni lugha ya vijana, maana yake baba yake ni bora kuliko baba wote waliowahi kutokea. Kundi likanyamaza kimya kile cha kundi ambalo kila mtu amesoma na hakuna anayetaka kuanza. Mwisho kaka yangu mwenyewe, ambaye huandika kwenye kundi mara chache sana, akaandika maneno manne: "Kwa hiyo mbuzi hayupo?"

Jibu halijatolewa hadi leo. Taslimu ya binamu wa Mwanza iko kwa mweka hazina, naye anasema ataihamishia kwenye mfuko wa makaburi.

Basi nikaona niende kwenye mizizi, nijue huyu mnyama aliingiaje kwenye nyumba za watu. Na nilichokikuta kimenipa nguvu ya kuendelea kulalamika, kwa sababu huko Marekani nako mbuzi alianza kama alivyoanza kwetu, kwa matusi. Kwenye michezo yao ya zamani, hasa besiboli, aliyekuwa akiitwa goat ni yule mchezaji aliyeharibu mechi, mbuzi wa kubebeshwa dhambi za timu nzima. Gazeti la kesho yake lilikuwa na shujaa na lilikuwa na mbuzi, na mbuzi alipita mlango wa nyuma. Chicago wana kisa chao kabisa. Mwaka 1945, timu ya Cubs ikiwa fainali, mwenye baa mmoja aitwaye Billy Sianis alikwenda uwanjani na mbuzi wake, wakatolewa wote wawili kwa sababu ya harufu ya mnyama. Inasimuliwa kwamba akailaani timu. Cubs hawakutwaa tena ubingwa hadi mwaka 2016. Miaka 71 kwa ajili ya harufu! Mtu wa Vingunguti, ambako mbuzi na harufu yake wameingia mtaani kabla yako, akisikia kisa hicho atashangaa kwamba kuna mji unaweza kulaaniwa kwa jambo dogo hivyo.

Aliyemtoa mbuzi matusini akampandisha kitini ni Muhammad Ali, ingawa mwenyewe hakujiita mbuzi. Yeye alijiita The Greatest, na alijiita mapema mno, kabla hata ya kuwa bingwa. Mwaka 1963 alitoa sahani nzima ya santuri ya kujisifu kwa jina hilo. Mkanda wa ubingwa aliupata Februari 1964 alipomtoa Sonny Liston. Kwa desturi zetu huyo ni mtu wa kunyamazishwa na wazee. Ila alichokifanya baadaye ni kulipa deni la maneno yake. Mwaka 1967 alikataa kwenda vitani Vietnam, akanyang'anywa ubingwa, akakaa nje ya ulingo zaidi ya miaka mitatu, miaka ambayo bondia harudishiwi. Aliporudi akapigwa na Joe Frazier. Kisha alfajiri ya tarehe 30 Oktoba 1974, pale Kinshasa, wakati karibu kila mtu akimhurumia kwa kuwekwa mbele ya George Foreman, aliegemea kamba, akapigwa na kupigwa, na raundi ya nane akamwangusha. Mtu wa namna hiyo akisema yeye ni mkubwa kuliko wote, unaweza kubishana naye, lakini unabishana ukiwa umesimama.

Mwaka 1992 mkewe, Lonnie, alisajili kampuni ya kusimamia jina na mali za mumewe, akaiita G.O.A.T. Inc. Hapo ndipo herufi zilipoanza kutembea pamoja. Mwaka 2000 mwanamuziki LL Cool J akatoa albamu yenye jina hilo, vijana wakalidaka. Mwaka 2018 kamusi ya Merriam-Webster ikaliandikisha rasmi. Kabla ya Kombe la Dunia la mwaka huo huo Messi alikuwa ameshapigwa picha na mbuzi halisi, na mashindano yalipoanza Ronaldo aliwafunga Hispania, akasimama mbele ya kamera akajipapasa kidevu pasipo na ndevu, dunia nzima ikaelewa ndevu za nani zinatafutwa. Simone Biles, mwanamazoezi wa viungo wa Marekani, aliwahi kuingia mashindanoni na kichwa cha mbuzi kilichotiwa vito kwenye vazi lake. Huyo simgusi. Ana medali 11 za Olimpiki, saba za dhahabu. Avae hata zizi zima.

Shida yangu ni sisi wengine. Neno limeshuka kutoka kwa Ali likafika kwa muuza chipsi. Kijana wa dada yangu, ambaye anaishi kwangu wakati akitafuta kazi, kwa wiki moja amewapa ubuzi kinyozi wake, mpika chipsi mayai wa kona, msanii wa singeli aliyetoa wimbo mmoja, na konda aliyerudisha chenji bila kuombwa. Huyo wa mwisho nakubali kidogo. Binti yangu naye alimwambia mama yake kwamba wali wake wa nazi ni mbuzi, na mke wangu akafunua sufuria kuhakikisha.

Niliuliza: aliye bora kuliko wote wa nyakati zote si anapaswa kuwa mmoja? Nikajibiwa, "Anko, kuna mbuzi wa kila kitu." Haya. Siku mbili baadaye kijana huyo huyo anasema fulani ni "mmoja wa mbuzi". Mmoja wa walio bora kuliko wote! Kwa hesabu hiyo hata mimi namba yangu inaweza kufikiwa, ni suala la kupanga foleni tu.

Na hizo nyakati zote, hebu tuziulize zinaanza lini. Kwa kijana huyu zinaanza siku baba yake alipolipia king'amuzi. Pelé, aliyetwaa Kombe la Dunia mara tatu, 1958, 1962 na 1970, kwake ni kipande cha video kisicho na rangi ambamo watu wanakimbia haraka kupita kiasi. Maradona ni fulana. Aliyecheza kabla ya simu zenye kamera hakucheza, alisingiziwa. Ukimwambia kulikuwa na wachezaji hapa hapa nchini waliokuwa wakijaza Uwanja wa Taifa wa zamani hadi watu wanakaa juu ya miti, anakuuliza kiungo cha video kiko wapi. Nyakati zote zimekuwa fupi kuliko bando la wiki.

Siku nilipoona mazungumzo yamefika mbali nilimzimia runinga, nikamkalisha, nikampa kisa kimoja cha mbuzi ambacho hakimo kwenye simu yake. Na wewe msomaji nakupa, maana naona kinasahaulika.

Desemba 1979 majeshi ya Umoja wa Kisovieti yaliingia Afghanistan. Rais Jimmy Carter wa Marekani akataka dunia igomee Michezo ya Olimpiki ya Moscow ya mwaka 1980. Afrika alitafuta mjumbe ambaye Waafrika hawatamfungia mlango, akamchagua Muhammad Ali. Mantiki yake unaiona: nani atakataa kumsikiliza mtu wa Kinshasa? Februari 1980 Ali akatua Dar es Salaam, kituo cha kwanza. Mji ulifurahi. Mwalimu Nyerere hakufurahi. Aliona nchi haitumiwi bondia kwenye jambo la nchi, akakataa kuonana naye. Bingwa wa dunia wa zamani, The Greatest mwenyewe, akaishia kwa waziri. Waandishi wa habari nao wakambana: mbona Afrika ilipogomea Olimpiki ya Montreal mwaka 1976, kwa sababu New Zealand ilipeleka timu yake ya raga kucheza na Afrika Kusini ya makaburu, Marekani haikuiunga mkono? Ali, ambaye hakuwa mtu wa kusema uongo ili apite, alianza kutilia shaka safari yenyewe. Akaondoka. Nairobi walikubaliana naye, Kenya haikwenda Moscow. Tanzania ilikwenda.

Sasa tazama tuliyempeleka. Filbert Bayi, ambaye Februari 1974 kule Christchurch aliongoza mbio za mita 1,500 tangu mlio wa bastola hadi utepe, bila kujificha nyuma ya mgongo wa mtu, akavunja rekodi ya dunia kwa dakika 3 na sekunde 32.2. Wa pili wake, John Walker wa New Zealand, naye aliivunja rekodi ya zamani na bado akashindwa. Mwaka uliofuata Bayi akaichukua na rekodi ya dunia ya maili. Dunia nzima ikasubiri wakutane Montreal 1976. Hawakukutana, Afrika iligoma, Walker akakimbia, akachukua dhahabu. Kwa hiyo 1980, kama Mwalimu angempokea mgeni wake kwa chai na kumkubalia, Bayi angekuwa amekosa Olimpiki ya pili mfululizo.

Moscow alikimbia mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Akafanya kama kawaida yake, akaondoka mbele peke yake akaacha pengo refu nyuma, mpaka mzunguko wa mwisho Bronisław Malinowski wa Poland akamfikia na kumpita. Medali ya fedha. Kisha Suleiman Nyambui akakimbia mita 5,000, mbele yake akatangulia Miruts Yifter wa Ethiopia tu. Medali ya fedha nyingine.

Kijana alisikiliza vizuri, lazima niseme. Akauliza, "Anko, kwa hiyo wote walikuwa wa pili?"

"Wote wa pili."

"Basi si mbuzi hao."

Nikamwambia amesema kweli, na nikamshukuru. Si mbuzi. Mmoja ni Filbert Bayi, mwingine ni Suleiman Nyambui, na mtu mwenye jina lake kamili hahitaji mnyama wa kumshikilia. Akarudi kwenye simu yake. Baada ya muda nikasikia kwenye spika sauti ya mtangazaji wa Kiingereza wa zamani akipaza jina la Bayi, ile ya Christchurch. Ameirudia mara kadhaa. Sikumuuliza kitu.

Ombi langu ni dogo. Kwenye makundi ya ukoo, anayebandika mbuzi aandike ni wa nini, wa tarehe ngapi na ukumbi gani, au asibandike. Kuna wazee wana presha na kuna wengine wana njaa. Na kwenye kibanda umiza, kabla hamjamtawaza mbuzi wa Jumapili hii, mkumbuke kwamba nchi hii ilianza kwenda Olimpiki mwaka 1964, ikiitwa Tanganyika, na hadi Paris 2024 medali zake zote ni zile mbili za Moscow. Anayetaka kubishana na mimi aje na ya tatu.